Kutembea na Mama Katika Mji wa Ugenini

Suala hili liliulizwa mwezi uliopita katika darsa yetu ya Mombasa, nami nikaletewa kwa simu huku bara niliko, kwa kuwa wenzangu wajua ya kwamba jambo lenyewe limenipata. Aliyeuliza ni kijana mwenye kazi nzuri na tabia njema. Alisema: "Mama yangu ameshahiji, alhamdulillahi, wala hana deni wala haja kubwa. Nami nimeweka akiba kidogo. Nataka nimchukue twende katika mji niupendao wa nchi nyingine, si kwa biashara wala kwa matibabu, ila kutembea na kutazama tu. Je, huu ni wema kwa mzazi, au ni israfu?"

Nasikia darsa iligawanyika. Wako waliosema ni israfu, na fedha hizo zingetosha kumlipia karo yatima mmoja au wawili. Wako waliosema hapana wema upitao huo. Na mmoja, naye ni mtu wa maskhara, alisema kuwa mama mtu mzima hana haja ya kutazama majumba. Mpe uji wa moto na mto wa kuegemea, umemaliza.

Katika habari ya fedha sitakaa sana. Qur'ani imetuamrisha mahali pengi tutembee katika ardhi tutazame, wala haikusema kuwa amri hiyo ni ya vijana wenye miguu mizima peke yao. Mtu asiyedaiwa, ambaye nyumbani kwake hapana mwenye njaa, na ambaye hakukopa ili asafiri, akitoa chake akamwonyesha mamake ng'ambo ya pili ya bahari, mimi sioni wa kumlaumu. Anayetaka kulaumu na apime kwanza fedha zinazoteketea katika harusi moja ya siku hizi, kisha arudi tuzungumze.

Lakini naona darsa nzima, waliokubali na waliokataa, walijibu suala jepesi wakaliacha lililo zito. Lililo zito ni hili: safari ile ni ya nani? Kijana amesema "mji niupendao". Maneno mawili hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi, kwa sababu mimi nami nilisema hivyo hivyo.

Mimi nakaa Kapkatet, mji mdogo ulio katika barabara itokayo Kericho, ikapita Litein, ikaendelea mpaka Sotik. Nina duka la nguo na vyombo. Huku ni nchi ya chai. Ukisimama mlangoni asubuhi waona kijani tupu mpaka upeo wa macho, na alasiri mvua hushuka kama iliyopeana ahadi na saa. Waislamu tulio hapa ni wachache, na mtu wa pwani akiishi mbali namna hii hujijengea moyoni mji wa kuutamani. Wangu mimi si Mombasa nilikozaliwa. Ni Unguja.

Nilipokuwa kijana nilikaa Unguja miaka minne nikisoma, nikazijua njia za Kiponda na Hurumzi na Sokomuhogo hata nikaweza kuzipita gizani. Nikajiona nimepita katika nyayo za wakubwa, kwani huko ndiko alikokwenda kusoma Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetutolea gazeti la al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na kwa Sheikh Abdallah Bakathir, maulamaa wawili waliofariki katika mwaka mmoja, 1925. Mtu wa Mombasa aendaye Unguja haendi ugenini kwa lugha wala kwa dini. Hata hivyo ni nchi nyingine, ina mpaka wake na muhuri wake, na afisa akuulizaye kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa muda wa miaka mingi nilikuwa nikisema: siku moja nitamchukua mama nimwonyeshe.

Siku hiyo ilikuja mwaka 2019. Mama alikuwa na miaka 68, na alikuwa hajapata kuvuka mpaka wa nchi ila kwa kwenda Makka. Tulipanda basi Mombasa, tukapita Lunga Lunga, tukashika njia ya Dar es Salaam ili tupande boti huko. Basi lilipofika Tanga, mama alisogeza pazia la dirisha akauliza, "Hapa ndipo Tanga?" Nikamwambia ndipo. Akautazama mji mpaka ukaisha. Sikumwuliza kwa nini, kwani nilikuwa nikimweleza habari za Unguja.

Nilikuwa nimeandika katika karatasi yale tutakayoyaona, siku kwa siku, kama mwalimu anavyopanga masomo. Siku ya kwanza nilimpeleka Forodhani nimwonyeshe Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Wakati huo lilikuwa limefungwa kwa uchakavu, watu hawaingii, bali kwa nje lilikuwa lingali limesimama na nguzo zake na saa yake. Nikasimama nikaanza kueleza habari ya milango iliyonakshiwa, na ya taa za umeme zilizowashwa humo zama ambazo umeme ulikuwa ni miujiza. Nilipogeuka nikamkuta mama ameketi juu ya ukuta, amelipa jumba mgongo, anazitazama ngalawa.

Nikamwambia, "Mama, nyumba iko huku."

Akasema, "Nimeiona, mwanangu. Kubwa."

Tukaenda Hamamni palipojengwa mahamamu ya Sayyid Barghash, tukaenda Mkunazini penye kanisa lililojengwa juu ya lile soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hapo mama alisimama kitambo, asiseme kitu, nami nikamwacha, na hilo labda ndilo jambo moja nililolifanya sawasawa siku ile. Kisha tukaingia katika jumba la kumbukumbu la Beit al-Sahel. Nilimweleza habari ya Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, akatoroka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaandika kitabu cha maisha yake kikatoka mwaka 1886. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno yangu, nikasema mengi juu ya kuacha dini na kuacha nchi na majuto ya ugenini. Mama alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza suala moja tu: "Na mamake?"

Nikamwambia mamake alikuwa suria wa Kicherkesi, jina lake Jilfidan, aliyechukuliwa mtoto mdogo kutoka kwao, na kwamba alikufa kwa kipindupindu mwaka 1859, miaka saba kabla bintiye hajatoka. Mama akatikisa kichwa akasema, "Basi Mungu alimsitiri, hakuyaona." Akatembea mbele. Mimi niliyekuwa nimesoma miaka minne katika mji ule, sikuwa nimepata hata siku moja kumfikiria yule mama.

Kila baada ya muda nilimwuliza, "Umechoka, mama?" Naye akajibu, "Sijachoka, mwanangu." Nilimwuliza hivyo labda mara kumi kwa siku, na kila jibu nikalipokea kama anayepokea hati ya ruhusa, tukaendelea.

Siku ya pili, karibu na Ukutani, mama aliketi katika baraza ya nyumba moja. Mwenye nyumba, mwanamke wa rika lake, akatoka akamtolea salamu, akamletea maji ya kunywa, wakaanza kuulizana: wewe wa nani, kwenu wapi, una wangapi. Nanyi mwajua watu wetu wanavyoulizana. Hilo si jambo la dakika mbili. Mimi nilikuwa nimesimama na karatasi yangu, na adhuhuri inakaribia, na bado mahali pawili hatujapaona. Sikusema neno baya. Nilisema tu, "Mama, wakati," kisha nikaenda hatua nne mbele. Mama akainuka, akamwaga yule bibi katikati ya maneno, akanifuata.

Ndugu zangu, sote twajua ya kwamba tumekatazwa kuwaambia wazazi wetu hata "uff", nalo ni neno dogo kuliko maneno yote, pumzi tu itokayo kinywani. Tangu utotoni nimejilinda na neno hilo, na nilikuwa nikijisifu moyoni kwamba halijapata kunitoka. Lakini siku ile Ukutani nililisema kwa miguu. Iko uff ya ulimi, na iko uff ya hatua nne mbele, na iko ya kutazama saa, na iko ya kutazama simu mzazi akisimulia jambo ulilokwisha kulisikia. Hizi hazina sauti, na kwa kuwa hazina sauti hatuzitubii.

Niseme na jambo la picha, maana hili limekuwa ni ugonjwa. Nilimsimamisha mama mbele ya kila mlango wenye nakshi, juani, nikimwambia sogea kidogo, inua kichwa, cheka. Usiku nikazipeleka picha zile kwa ndugu na jamaa, na majibu yakaja: "Mashaallah, Mungu akulipe kwa kumtunza mama." Nilizisoma sifa zile moja moja nami nikafurahi. Wakati ule mama alikuwa chumba cha pili katika nyumba ya wageni, anazungumza na mwanamke mwenye kusafisha vyumba. Mlango ulikuwa wazi. Nikamsikia akimwambia miguu imemvimba, kisha akimwuliza, "Darajani ni mbali? Nilitaka kununua kanga za dada zangu. Lakini mwanangu ana shughuli." Boti yetu ilikuwa alfajiri ya kesho yake. Hatukwenda Darajani.

Mwaka uliofuata, tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, ikaua. Nilipopata habari nilimpigia mama simu Mombasa nikiwa na huzuni ya mtu aliyefiwa. Alisema, "Inna lillahi. Kuna waliokufa?" Yeye aliuliza watu, mimi nilikuwa nikiwazia milango. Kisha nikamwambia, "Wakumbuka, mama, tulipokaa mbele yake?" Akajibu, "Nakumbuka. Ulikuwa umefurahi sana siku zile. Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

Nilipoyasimulia haya kwa wenzangu, mmoja wao, naye ni mtu nimheshimuye kwa elimu, aliniambia: "Basi wajisumbua nini? Mama ameridhika. Radhi ya mzazi ndiyo uliyoitafuta, umeipata." Maneno haya ni ya mtu mwema, nami nilitamani niyakubali nilale. Lakini kila nilipoyapima niliyaona yana tundu.

Radhi ya mzazi ni jambo kubwa, hapana Muislamu alitiaye shaka. Walakini radhi hiyo ni kitu atoacho mama. Kinatoka kwake, kutoka katika moyo alioumbiwa. Mama huridhika na mwana amletaye mfuko wa unga, huridhika na amletaye maneno matupu, na wako wanaoridhika na wana ambao hawakupiga simu mwaka mzima, wakimwombea udhuru kwa majirani. Kwa hivyo mtu akisema "mama ameridhika, basi nimetimiza", amechukua wema wa mamake akauandika katika daftari yake mwenyewe. Mimi ni mwenye duka. Najua daftari ya namna hiyo huitwaje.

Tena tazameni jinsi jambo lilivyo. Mwanamke amekaa miaka 40 akiwagawia watoto wali, mwisho akala ukoko, akasema ukoko ndio autakao. Watoto wakakua wakiamini kwamba mama hupenda ukoko. Huyu akiulizwa "umechoka?", atajibu nini? Hasemi uwongo. Amekwisha kuzoea kupenda kile kinachowafaa wengine, hata yeye mwenyewe pengine hajui tena apendalo. Kwa hivyo "sijachoka, mwanangu" si ushahidi. Kadhi mwenye akili hapokei ushahidi wa mtu dhidi ya nafsi yake ikiwa amjua kuwa tangu zamani amezoea kujidhulumu ili wengine wapate. Nami niliupokea mara kumi kwa siku.

Imepokewa kwamba Abdallah bin Umar alimwona mtu wa Yemen anatufu Al-Kaaba hali amembeba mamake mgongoni. Yule mtu akamwuliza kama kwa kufanya hivyo amemlipa. Ibn Umar akamjibu kwamba hajamlipa hata utungu mmoja katika ule wa kumzaa. Kisa hiki twakihadithia sana, na kila mara twakichukua kuonyesha ukubwa wa deni, nayo ni kweli. Lakini mimi tangu safari ya Unguja nakiona na upande mwingine. Mtu anayebebwa hachagui njia. Pale penye Al-Kaaba haidhuru, kwa kuwa njia ni moja kwa watu wote, na aliyebeba na aliyebebwa wataka jambo moja. Lakini katika mji wenye vichochoro mia, anayebebwa huenda atakako mbebaji. Na mama zetu wengi twawabeba: twawalipia nauli, twawashika mkono, twawachukulia mizigo, na katika yote hayo hapana aliyewauliza tupinde kulia au kushoto.

Naweza kujibiwa kwamba angalau nimemchukua, wangapi hawawachukui? Hilo ni kweli, na mfano wake uko katika historia yetu wenyewe. Ibn Battuta alitoka kwao Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21, akawaacha wazazi wake wote wawili hai. Alifika kwetu mwaka 1331, akapita Mombasa, akawasifu wazee wetu kwa dini yao na misikiti yao ya mbao iliyojengwa vizuri, akaenda Kilwa. Akaiona Bara Hindi na Uchina, miji ambayo hapana mtu wa zama zake aliyeiona yote. Aliporudi, mwaka 1349, alipofika mji wa Taza, siku chache kabla ya kwao, ndipo alipopata habari kuwa mamake amekufa kwa tauni. Akaenda Tangier akazuru kaburi. Miaka 24 ya kutazama miji! Sisemi alikosa, alitoka kwa nia ya Hija, na elimu aliyotuachia twafaidika nayo mpaka leo. Lakini nikiisoma safari ile sasa, nafika Taza nikasimama.

Kwa hivyo kijana wetu na aende na mamake. Kumwacha nyumbani si dawa. Kilichobaki ni jinsi ya kwenda naye, na hilo nilifundishwa na mtu ambaye hakukusudia kunifundisha.

Mwaka 2022 mke wangu alijifungua, na mama akaja Kapkatet akakaa nasi miezi miwili. Baridi ya huku ilimtesa. Alikuwa akikaa mlangoni amejifunika kanga mbili juu ya sweta. Jirani yetu ni bibi wa Kikipsigis, mjane, ana kishamba cha chai anachochuma mwenyewe na kupeleka majani katika kituo cha kununulia. Watoto wa mtaa humwita Kogo, maana yake nyanya. Si mtu wa dini yetu, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Asubuhi moja alipita, akamwona mama, akamwambia, "Chamgei," na mama akamjibu kwa salamu zetu, kila mmoja akafahamu. Kisha akamwonyesha kikapu, na mama akavaa viatu akamfuata.

Walirudi baada ya adhuhuri. Miguu ya mama ilikuwa imejaa tope na uso wake ulikuwa wa msichana. Mke wangu alikuwa amekwenda kuwatazama, ndiye aliyenisimulia. Yule bibi hakumwonyesha mama kitu hata kimoja, kwa maana ya kuonyesha tunakokujua sisi. Alimpa kikapu kidogo, akamwacha achume. Mama alichuma vibaya, akang'oa na majani yaliyokomaa, na yule bibi akacheka, akamwonyesha kwa vidole: majani mawili na chipukizi, basi. Mama alipoanza kujishika kiuno, yule bibi hakumwuliza kama amechoka. Yeye mwenyewe aliketi. Akaketi chini ya mti kama kwamba ndiye aliyechoka, na mama akaketi karibu naye, wakanywa chai. Mama aliporudi aliniambia kwa mshangao kwamba kumbe chai ya huku hushuka Mombasa ikauzwa mnadani kwetu, "na mimi nimepanda mlima wote huu kuja kuinywa."

Na chini ya mti ule yule bibi alimwuliza mama suala ambalo mimi sikupata kumwuliza tangu nizaliwe. Alimwuliza rafiki yake wa utoto yuko wapi.

Mama akamwambia yuko Tanga. Walisoma chuo kimoja cha Qur'ani Mombasa, wakalala mkeka mmoja. Yule mwenziwe akaolewa Tanga mwaka 1970, na tangu hapo wameonana mara mbili, zote mbili katika matanga. Mke wangu aliyasikia haya, usiku akaniambia. Nikakumbuka pazia la basi.

Sasa nitawaambia jinsi nilivyomjibu yule kijana, maana alinipigia simu mwenyewe akitaka neno moja: ndiyo au siyo. Nilimwambia ndiyo, ila ukifika mjini itie karatasi yako mfukoni. Usimwulize kama amechoka, keti wewe. Akisimama penye jambo lisilo na maana kwako, simama. Na kabla hujakata tikiti, tafuta kwa watu wengine, kwa shangazi zako, kwa majirani zake, kwa yeyote asiye mtoto wake, ujue kama uko mji autamanio yeye. Kwani wewe hatakwambia. Yule kijana alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na kama mji autamanio mimi siupendi?"

Mwaka 2023, baada ya Idi, nilimchukua mama Tanga. Tulitoka Mombasa asubuhi kwa njia ile ile ya Lunga Lunga. Tanga ni mji wa heshima, na watu wa Tanga wanisamehe, lakini mimi sina nilichokipoteza huko. Sikusoma huko, sina jamaa huko, na njia zake pana zilizonyooka hazina pembe ya kumshangaza mtu. Mapango ya Amboni yako karibu, watu hutoka mbali kuja kuyaona, sikuyataja. Mama alikuwa na jina la mtaa na jina la mume wa rafikiye, marehemu. Alitembea mbele, na fimbo yake, akiuliza kila duka, nami nikamfuata nyuma na mfuko wa kanga alizonunua Mombasa za kumpelekea mwenziwe.

Tuliipata nyumba. Siwezi kuwaeleza jinsi walivyopokeana, kwa sababu waliingia ndani wakafunga mlango, na mimi nikabaki nje barazani na mjukuu mmoja wa nyumba aliyekuwa akicheza na kifuniko cha chupa. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Nikaenda msikitini nikasali, nikarudi. Nikaletewa wali na samaki, nikala. Simu ikaisha moto. Nikamtazama paka. Ndani nilisikia kicheko, kisha kimya kirefu, kisha sauti mbili za wazee zikisoma pamoja kwa namna ya watoto wa chuo, zikikosea mahali pamoja na kucheka tena. Nikaenda nikasali alasiri, nikarudi, nikaketi.

Jua lilipokuwa limelala, mlango ulifunguka na mama akatoa kichwa. Kanga ilikuwa imemwanguka begani. Akaniuliza, "Umechoka, mwanangu?"

Nikamwambia, "Sijachoka, mama."

Akarudi ndani.